Mguu wa Kulia Ni Usukani wa Pili

Msafara uliotoka Bagamoyo, ukiisha kuvuka Ugogo, uliingia Mgunda Mkali, pori kavu la siku nyingi za kutembea, na kijiji cha kwanza cha Unyamwezi kuupokea upande wa pili kilikuwa Tura. Burton na Speke walipita hapo mwaka 1857 wakielekea Unyanyembe, penye Tabora ya leo. Siku hizi pana stesheni ya Reli ya Kati, na barabara kuu ya Manyoni hadi Tabora imekwisha kuwekwa lami. Lami hiyo ni neema kwa basi na kwa lori la mahindi, lakini mtu anayependa kuendesha haimpi mengi: inanyooka katikati ya miyombo mpaka macho yanachoka. Raha iko kwenye njia zinazochepuka kwenda vijijini, njia za mchanga na changarawe, zenye kona zinazozunguka kichuguu, mwembe wa zamani au ukingo wa mbuga. Sura hii inamhusu mtu mwenye fedha ya kununua gari kuukuu moja tu, anayetaka limfurahishe kwenye njia kama hizo. Ninalotetea ni hili: anunue gari linalosukuma kwa magurudumu ya nyuma, lenye nguvu za wastani na miguu laini, na fedha ambayo angeimaliza kwenye injini kubwa aiweke kwenye shokapu, bushi na tairi.

Tuanze na tairi, maana hapo ndipo gari linapogusana na ardhi. Kila tairi ina mshiko wa kiasi fulani, na mshiko huo hugawanywa kati ya kusukuma, kukata kona na kufunga breki. Gari linalovuta kwa mbele, kama Vitz, IST au Probox ya kawaida, huyatwisha magurudumu mawili yale yale kazi ya kuvuta na ya kukata kona. Kwenye lami kavu hakuna anayeona tatizo. Kwenye changarawe iliyolegea, dereva akiongeza mafuta katikati ya kona pua hukataa kugeuka, gari likanyooka kuelekea porini, naye hana la kufanya ila kuachia mafuta na kungoja. Linalosukuma nyuma limegawa kazi: mbele hugeuza, nyuma husukuma, na mguu wa kulia unakuwa usukani wa pili. Ukiongeza kidogo, mkia hutoka nje na pua ikaingia ndani; ukipunguza taratibu, mkia hurudi. Wapagazi wa Kinyamwezi waliijua hesabu ya uzito begani. Mzigo wa mzegazega, uliofungwa kwenye ncha mbili za mti, humtii mbebaji kwa sababu umelingana pande zote. Ukihamishiwa wote ncha moja, humyumbisha safari nzima. Tena gari likiondoka au likipanda kilima, uzito huegemea nyuma, juu ya magurudumu yale yale yanayosukuma. Na kwa kuwa mshiko wa changarawe ni mdogo tangu mwanzo, nguvu ndogo zinatosha kuuzidi. Hapo ndipo hoja ya injini kubwa inapoanza kuporomoka.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili umeandikwa na mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 Joginder Singh alishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, gari la mkono wa pili ambalo umbo lake lilikuwa tayari la kizamani. Mwaka 1966 na 1967 akashinda Bert Shankland, dereva wa Tanzania, kwa Peugeot 404 yenye injini ya cc 1618. Hilo lilikuwa gari la familia, lenye springi ndefu na laini zilizomeza mashimo. Shekhar Mehta alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun ndogo zilizosukuma nyuma, na hata Toyota Celica iliyochukua miaka ya 1984, 1985 na 1986 ilisukuma nyuma wakati wapinzani wake wakubwa Ulaya walikuwa wamehamia magurudumu manne. Ni kweli kwamba mwaka 1987 Audi ya magurudumu manne ilishinda, na zama zile zikafungwa. Ni kweli pia kwamba Erik Carlsson alimaliza wa pili mwaka 1964 kwa Saab iliyovuta mbele. Lakini mashindano hupima saa. Sisi tunapima kitu kingine: ni kiasi gani gari linazungumza na mwendeshaji likiwa kwenye mwendo ambao bado ni salama.

Sokoni, la bei ndogo kabisa ni Kirikuu, ile Suzuki Carry ya cc 660. Inasukuma nyuma na ni mchapakazi, ila ni ndefu kwenda juu na nyembamba, hivyo kona ya haraka si mahali pake. Altezza, iliyotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, ndiyo vijana wanayoiota, na kwenye lami inastahili sifa zake. Kwa njia za Tura ni ngumu mno na iko chini mno, na nyingi zimekwisha kupita mikononi mwa watu waliozitesa. Mark X ina nguvu nyingi kuliko changarawe inavyoweza kupokea, inakunywa mafuta, na injini ikizidi cc 2000 ushuru wa bidhaa nao hupanda. Chaguo langu ni Mark II GX100, ya 1996 hadi 2000, pamoja na ndugu zake Chaser na Cresta. Injini yake ya 1G ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, cc 1988, nguvu za farasi 140, au 160 kwa zile za baadaye zenye VVT-i. Kila gurudumu limeshikwa kwa mikono miwili, wa juu na wa chini, kwa hiyo tairi hukaa bapa barabarani hata gari likiyumba. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,730, na urefu huo ni zawadi: mkia ukianza kutoka, hutoka polepole, na mtu anapata muda wa kuurekebisha. Nyingi ni oto. Hilo halinisumbui, kwani ukiifunga kwenye gia ya pili kabla ya kona, injini hukaa tayari.

Watakaopinga watataja matope, nao wana haki. Masika ikinyesha kwenye udongo mweusi wa mbuga, gari tupu linalosukuma nyuma hukwama mapema, kwa sababu injini iko mbele na mkia ni mwepesi. Mifuko miwili ya mchanga kwenye buti husaidia, lakini mbuga iliyolowa haina rafiki wa magurudumu mawili, yawe ya mbele au ya nyuma. Gari hili ni la kiangazi. Watataja pia kimo kidogo cha bodi. Kwa hilo, springi nzima na shokapu mpya hurudisha sentimita ambazo uzee umezila, na asiwepo wa kulishusha gari kwa ajili ya urembo. Pingamizi zito kuliko yote ni usalama, maana njia hizi ni za watoto wa shule, ng'ombe na baiskeli zilizobeba mkaa. Ni sababu hiyo hiyo inayonifanya nikatae nguvu nyingi. Gari laini la farasi 140 huanza kusisimua kwenye kilomita 50 kwa saa, kwenye kipande kitupu kinachoonekana chote. Lenye nguvu maradufu huzindukana kwenye mwendo ambao mbuzi akikatiza hakuna breki itakayomwokoa.

Kinachobaki ni ukaguzi. Lisimamishe, ingiza D kisha R: mlio wa "ko" chini ya sakafu ni krosi za propela au bushi za difu zilizokwisha. Endesha kilomita chache madirisha yakiwa wazi; mvumo unaopanda na kushuka pamoja na mwendo hutoka kwenye difu au beringi za nyuma. Mwambie fundi afungue nati ya difu achovye kidole: oili ya rangi ya maziwa imeingia maji mtoni, na chembe za chuma ni sababu ya kuondoka hapo. Ukikuta difu imechomelewa ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja, kama wafanyavyo wanaoserereka uwanjani, usinunue hata kwa nusu ya bei. Kwenye kona ya mchanga pua yake itasukumwa nje, na ekseli itakatika mbali na fundi yeyote.