Sehemu ya Sekunde Iliyotupwa

Yapo mambo ya hesabu ambayo askari wengi huyaacha shuleni pamoja na madaftari yao, na mojawapo ni kugawanya kwa desimali. Tuchukue lori linalokunywa lita 0.35 kwa kila kilometa, nalo lina lita 50 tangini. Nukta husogezwa nafasi mbili kuume katika namba zote mbili, hesabu ikawa 5,000 kwa 35, na jibu ni 142.857, tarakimu zikiendelea bila kikomo. Kanuni ya darasani yaagiza tukadirie 143, kwa kuwa 8 huzidi 5. Lakini kilometa 143 zahitaji lita 50.05! Dereva mwenye busara ataandika 142, na safarini atajiwekea akiba kubwa kuliko hiyo.

Kipande kidogo namna hii hakimdhuru mtu, mpaka kirudiwe mara nyingi. Usiku wa Februari 25, 1991, katika vita vya Ghuba, kombora la Scud la Iraki liliangukia malazi ya askari wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia, likaua askari 28. Mtambo wa Patriot uliowekwa kuwalinda haukulifyatulia hata kombora moja.

Saa ya mtambo huo ilihesabu sehemu za kumi za sekunde. Kompyuta nayo hujua tarakimu mbili tu, 0 na 1, na katika hesabu yake kugawanya 1 kwa 10 hakuishi, kama vile kwetu 1 kwa 3 huzaa 0.333 pasipo mwisho. Nafasi zilikuwa 24, zilizozidi zilikatwa. Kilichopotea ni sekunde 0.000000095 hivi kwa kila sehemu ya kumi. Mtambo ulikuwa umewashwa yapata saa 100, yaani sehemu za kumi 3,600,000. Tukizidisha twapata sekunde 0.34. Scud hupita mita 1,600 kwa sekunde moja, hivyo mtambo ulilitafuta zaidi ya nusu kilometa mbali na lilipokuwa.

Waisraeli walikwisha kuwaarifu Wamarekani, Februari 11, kwamba usahihi hupungua baada ya saa 8. Februari 21 vikosi vilionywa juu ya kuuwasha mtambo kwa muda mrefu sana, bila kutajiwa saa ngapi. Na muda mrefu kwa kamanda mmoja ni siku, kwa mwingine ni juma. Kuuzima na kuuwasha upya kungechukua dakika moja au moja na nusu.

Programu iliyosahihishwa ilifika Dhahran Februari 26.