Virutubisho vya binadamu vinavyogeuka sumu kwa mbwa wa ghala

MBWA anayelinda ghala usiku ni mali ya biashara kama ilivyo mizani au turubai. Mfanyabiashara wa Namanga, Busia au Mutukula anapomwona amekonda au manyoya yake yanapukutika, hutaka dawa ya haraka, na iliyo karibu mara nyingi ni chupa ya vitamini za watu: iliyopo kabatini nyumbani au iliyomo kwenye mzigo wa kuuza.

Wengi huamini kwamba kinachouzwa bila cheti cha daktari hakiwezi kudhuru. Kwa mbwa na paka, imani hiyo inaweza kugharimu uhai wa mnyama.

Tatizo la kwanza ni uzito. Kipimo cha kwenye lebo kimepangwa kwa mtu mzima, wakati mtoto wa mbwa anaweza kuwa na kilo 3 tu.

Mfano ni vitamini D. Mbwa anaweza kuanza kuugua akimeza takriban uniti 4,000 kwa kila kilo ya uzito wake. Kapsuli moja ya uniti 50,000, ambayo watu huandikiwa kumeza mara moja kwa wiki, ikiingia tumboni mwa mbwa wa kilo 5 ni sawa na uniti 10,000 kwa kilo. Kalsiamu hupanda kwenye damu na figo huharibika. Mbwa hutapika, hunywa maji kupita kawaida na kukojoa mara kwa mara. Hata viwandani kosa hili hutokea: mapema mwaka 2019, makopo ya chakula cha mbwa yaliondolewa sokoni nchini Marekani kwa kuzidishiwa vitamini hiyo.

Madini ya chuma nayo ni hatari. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito huwa na takriban miligramu 60 za chuma kila kimoja. Kwa mbwa, sumu huanzia karibu miligramu 20 kwa kilo, na ikifika 60 maisha yako hatarini. Mtoto wa mbwa wa kilo 3 hufika hapo kwa kutafuna vidonge vitatu.

Mwili tofauti

Tatizo la pili ni maumbile. Baadhi ya vitamini za kutafuna zenye ladha ya matunda hutiwa zailitoli, sukari mbadala ambayo kwenye lebo huandikwa xylitol au E967. Binadamu haimdhuru, lakini kwa mbwa husababisha insulini kumwagika kwa wingi na sukari ya damu kushuka, wakati mwingine ndani ya nusu saa. Mbwa hulegea, huyumba na kupata degedege. Kiasi kikubwa huua ini.

Vidonge vya kitunguu saumu, vinavyosifiwa kwa shinikizo la damu, huvunja chembe nyekundu za damu za mbwa na zaidi za paka. Vidonge vya kalsiamu navyo havimsaidii mtoto wa mbwa wa mbegu kubwa anayelishwa vizuri. Mwili wake mchanga hauwezi kuizuia ile ya ziada, na mifupa hupinda.

Vingine ni hasara ya fedha tu. Mbwa na paka hujitengenezea vitamini C kwenye ini, hivyo mwenye afya hana haja ya kununuliwa.

Mafuta ya samaki yanaweza kumfaa mbwa kwa kipimo cha daktari wa mifugo. Yasichanganywe na mafuta ya ini la chewa, ambayo yana vitamini A na D zinazojikusanya mwilini.

Kwa muuzaji

Nchini Tanzania, TMDA inasimamia dawa za binadamu na za mifugo, kama ilivyo NDA nchini Uganda. Kenya ina chombo chake cha dawa za mifugo, mbali na Bodi ya Famasi na Sumu. Katika nchi zote hizo, bidhaa iliyoidhinishwa kwa watu haijaidhinishwa kwa mnyama. Muuzaji anayemwambia mteja kwamba chupa hiyo "hata mbwa anatumia" anatoa ushauri usioandikwa kwenye lebo, na mnyama akifa, mteja atarudi kwake.

Mbwa akishameza, asinyweshwe maji ya chumvi ili atapike, kwani chumvi nyingi nayo ni sumu. Mpigie simu daktari wa mifugo mara moja bila kusubiri dalili, na umpeleke mbwa pamoja na chupa yenyewe. Hesabu vidonge vilivyobaki, kumbuka saa aliyomeza na kadiria uzito wake. Hayo ndiyo daktari atakayouliza kwanza.

Na mbwa akikonda, kabla ya vitamini, apimwe minyoo na kupe, kisha kiangaliwe chakula chake. Ugali mtupu kila siku haumtoshi.