Kubeba Droni Katika Safari ya Bato



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja wa darasa la tano alikuja kwetu, sisi wa gazeti, na simu mkononi. Alitaka tusome ujumbe wa yaya yake, anayefanya kazi Canada. Yaya anajitayarisha kuja likizo. Atapanda meli kubwa ya watalii kule Durban, meli itapita Zanzibar na Mombasa, kisha atashika ndege mpaka Lubumbashi, na kutoka pale treni mpaka Bukama. Kule Bukama anataka kuingia katika bato ya Lualaba pamoja na wazee wa jamaa, kwenda kuona kijiji cha babu. Na katika sanduku lake ataleta droni yenye kamera, apige foto ya safari yote kutoka juu.

Mwenzetu akatuuliza: "Yaya anaweza kuja na ile masini bila matata? Mama anaogopa. Anasema batu batamwita mupelelezi."

Tulicheka kidogo, kisha tukaacha kucheka. Tulisoma, tuliuliza, tulipiga hesabu, na tukaona kwamba mama yule hakukosa. Kuliko kumjibu mtu mmoja, tumeona vema tuwajibu wote, maana jamaa nyingi za Kamina ziko na mtoto au ndugu ng'ambo, na masini hizi zitazidi kuja.

1. DRONI NI NINI?

Droni ni ndege isiyo na rubani ndani yake. Rubani anasimama chini na kisanduku cha mkononi, anaiongoza kwa mawimbi ya redio. Zile za watalii ziko na mapanga manne ya kuzunguka, kamera chini ya tumbo, na batri. Nyingine hazifiki gramu 250, ni nyepesi kuliko kilo moja ya sukari mara nne. Batri ya droni nzuri inaiweka hewani karibu dakika 30, siyo zaidi sana.

Mtu akiiona ndogo namna hii, anasema ni mchezo wa watoto. Lakini sheria haisemi hivyo. Kwa sheria droni ni ndege. Ukishika neno hili moja, mengine yote tutakayosema yanafuata.

2. BATO INAKWENDA MBELE, DRONI INARUDI NYUMA

Wengi wanafikiri shida ya kwanza ni polisi. Hapana, shida ya kwanza ni hesabu.

Droni inaporuka, inaandika katika akili yake fasi ilipotoka, kwa msaada wa satelaiti. Ikipoteza mawimbi ya kisanduku, au batri ikianza kwisha, inarudi yenyewe pale pale. Katika kiwanja cha shule jambo hili ni zuri sana. Katika bato ni hatari, sababu pale ilipotoka bato haiko tena. Kuna maji tu. Ziko droni zinazoweza kuamriwa zimfuate mwenye kisanduku, lakini lazima mtu aziamuru mbele, na awe anajua.

Tufanye hesabu pamoja. Meli ya bahari inakwenda kilometa 36 kwa saa. Droni imesimama hewani fasi moja dakika 10, inapiga foto. Katika dakika hizo meli imekwenda kilometa 6. Sasa droni inaikimbilia kwa kilometa 54 kwa saa. Kila saa inaipunguzia meli kilometa 18 tu, basi kwa kumaliza zile kilometa 6 inataka dakika 20. Kumi na ishirini ni thelathini: droni inafika juu ya meli wakati batri imekwisha. Na hii ni bila upepo. Ukiwepo upepo wa mbele wa kilometa 18 kwa saa, mwendo wa droni unakuwa 36, sawasawa na meli. Haitaifikia hata siku moja. Itaanguka baharini.

Kuna mambo mengine tena. Meli ni chuma, na chuma kinadanganya dira ya droni. Maji yanayotembea na kung'aa yanaichanganya kamera ndogo ya chini, ile inayotazama fasi ya kutua. Na juu ya meli watu ni wengi, na mapanga yale yanakata vidole na macho.

Kwa hiyo kampuni nyingi za meli za watalii zimekataza kabisa kurusha droni kutoka katika meli. Nyingine zinakubali ikae imefungwa katika sanduku, nyingine zinaichukua mlangoni na kuirudisha mwisho wa safari, nyingine hazitaki kuiona. Neno hilo liko katika karatasi za tiketi, zile ambazo watu hawasomi.

3. ANGA LIKO NA MWENYEWE

Mwaka 1944 wajumbe wa mataifa mengi walikutana Chicago, Marekani, wakafanya mapatano juu ya ndege. Waliandika kwamba kila inchi ina mamlaka kamili juu ya anga lake. Na katika kifungu cha 8 waliandika kwamba ndege isiyo na rubani haitapita juu ya inchi nyingine bila ruhusa ya pekee. Ni ajabu: babu zetu hawakuwa wameona droni, na sheria yake imekwisha kuandikwa.

Bahari nayo iko na mpaka. Kwa Mapatano ya Sheria ya Bahari ya mwaka 1982, maji ya inchi yanaweza kufika maili 12 za bahari kutoka pwani, ndiyo karibu kilometa 22. Ndani ya maji hayo, anga ni la inchi ile. Basi yaya wa mwenzetu akipita bandari tatu, hapiti katika likizo moja tu, anapita katika sheria tatu:

Afrika Kusini inamruhusu mtu kurusha droni ya kujifurahisha, lakini asiwe chini ya mita 50 kutoka kwa watu, wala chini ya kilometa 10 kutoka kiwanja cha ndege.

Tanzania, na Zanzibar ikiwa ndani yake, inataka ruhusa kabla. Mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA, ndiyo inayoandikisha droni, na Wizara ya Ulinzi nayo iko na neno lake.

Kenya ilitoa kanuni zake mwaka 2020. Droni haiingizwi inchini bila ruhusa ya mamlaka yao, KCAA, na katika mbuga za nyama inatakiwa ruhusa nyingine tena.

Mtu asiseme, "Lakini mimi nilikuwa paka ndani ya bato, sikushuka." Sanduku lake limeingia bandarini pamoja naye.

Na sisi wa huku tusifikiri ni habari ya bahari tu. Tazameni Ziwa Tanganyika. Ni la inchi nne: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Bato ikitoka Kalemie kwenda Kigoma, inavuka mpaka katikati ya maji, na hakuna mstari wa chokaa pale. Droni iliyoruka Kongo inaweza kutua Tanzania na mwenyewe hajui.

4. BATRI NAYO NI MZIGO

Kabla ya kufika kwenye meli, yaya atapanda ndege. Batri za droni ni za litiumu. Zikigongana vyuma au zikitobolewa zinaweza kuwaka moto, na moto ule ni mgumu kuzima. Kwa hiyo batri za akiba haziwekwi katika sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Zinabebwa mkononi, na midomo yake imefunikwa.

Mpaka wa kawaida ni wati-saa 100. Namna ya kuhesabu ni rahisi: zidisha volti kwa ampea-saa. Batri ya volti 15,4 na ampea-saa 5 ni wati-saa 77, inapita. Kati ya 100 na 160, lazima kampuni ya ndege ikubali kwanza, na ni mbili tu. Wanafunzi wa fizikia, mmeona kwamba somo la umeme haliishi ubaoni.

5. HAPA KWETU

Sasa tuje nyumbani. Yaya ameshuka Bukama, bato inateremka Lualaba, ndugu wanaimba, naye anafungua sanduku. Nini kitatokea?

Kwanza, tuko na ndege ndogo. Kamina tuko na kiwanja cha ndege, na tuko na Base ya jeshi iliyojengwa na Wabelgiji kisha Vita vya Pili. Wakubwa wetu wanazijua pia ndege ndogo za misheni: huduma ya ndege ya Kanisa la Méthodiste-Unie, inayoitwa Wings of the Morning, imebeba wagonjwa na dawa katika Katanga ya Kaskazini, fasi ambapo barabara ni mbaya. Ndege ya namna hiyo haina nguvu ya kucheza na droni. Mwezi wa kumi mwaka 2017, kule Québec, Canada, ndege ya watu wanane iligongana na droni ilipokuwa inakwenda kutua. Mungu aliwasaidia, wakatua salama. Na mwezi wa kumi na mbili mwaka 2018, London, watu walisema wameona droni karibu na kiwanja cha Gatwick. Safari karibu 1.000 za ndege ziliharibika, na wasafiri karibu 140.000 wakakwama wakati wa Noeli. Huko ni watalii walikosa sikukuu. Huku kwetu, ndege ikishindwa kutua, anaweza kuwa ni mama mwenye uchungu wa kuzaa.

Pili, kuna vita katika inchi yetu. Tangu mwezi wa kumi na mbili mwaka 2013, Umoja wa Mataifa ulirusha droni za kuchunguza kutoka Goma. Miaka ilivyopita zikaja za kupiga. Mwezi wa pili mwaka 2024 mabomu yaliangushwa kwenye kiwanja cha ndege cha Goma, na jeshi letu lilisema ni droni zilizofanya hivyo. Mtu aliyekimbia kutoka Mashariki akisikia ile sauti kama ya nyuki juu ya kichwa chake, hatasema "foto nzuri". Atakimbia. Na askari atauliza: nani amekutuma, na unapiga foto ya nini? Daraja, kiwanja, kambi, hata stasyo ya treni vinaweza kuleta matata. Ndiyo maana ruhusa inaombwa mbele, kwa Autorité de l'Aviation Civile, AAC, inayosimamia anga la raia, na wakubwa wa usalama wa fasi wajulishwe. Karatasi ikiwa mfukoni, yaya ni mgeni wetu. Karatasi ikikosa, ndilo neno la mama: mupelelezi.

Tatu, kuna heshima. Kando ya Lualaba watu wanaoga, bamama wanafua, watoto wanacheza bila nguo. Nyumba nyingi ziko na ua wa majani, na ua unazuia macho ya mtu anayepita njiani. Hauzuii macho yanayotoka juu. Kwetu mgeni anapiga hodi, anangojea jibu, ndipo anaingia. Droni haipigi hodi. Basi mwenye droni aende apige hodi mwenyewe: kwa shefu wa kijiji, kwa wazee, kwa wavuvi.

6. SI KITU KIBAYA

Tusifikiriwe vibaya. Hatusemi droni ni adui. Rwanda imetumia ndege hizi kupeleka damu kwa hospitali tangu mwaka 2016. Mwaka huohuo Zanzibar ilianza kupima visiwa vyake vyote kwa droni ili kupata ramani, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walifanya kazi hiyo. Na katika inchi yetu yenyewe, Mkoa wa Équateur, mwaka 2019 zilijaribiwa kupeleka chanjo kwenye vijiji vilivyo mbali ng'ambo ya mito. Lakini angalieni: wote hao walianza na ruhusa, na watu wa fasi waliambiwa kabla.

7. MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUFUNGA SANDUKU

Mwenye kusafiri aulize hivi:
1. Kampuni ya bato inasema nini juu ya droni?
2. Kila inchi nitakayopita inataka karatasi gani?
3. Batri zangu ni wati-saa ngapi?
4. Nikirusha, bato itakuwa inakwenda au imesimama? (Kama inakwenda, usirushe.)
5. Kuna kiwanja cha ndege au kambi karibu?
6. Wenye fasi wamekubali?

Akikosa jibu moja, aiache nyumbani, alete kamera ya mkononi. Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba anakaa kwanza kuhesabu gharama. Someni Luka sura ya 14.

Mwenzetu alimwandikia yaya yake mambo haya yote. Jibu la kwanza lilikuwa la hasira: "Ninyi watoto munanifundisha?" Kisha ya siku tatu likaja la pili. Alisema ile droni ataiacha Canada mwaka huu, na aliomba tumtafutie namna ya kuandikia AAC kwa safari nyingine. Mama amefurahi. Sasa anasema heri foto apigwe akiwa amesimama chini, sababu kutoka juu kitaonekana kilemba tu.

HESABU YA WIKI. Bato inateremka Lualaba kwa kilometa 12 kwa saa. Droni imebaki nyuma fasi moja dakika 12, kisha inaifuata kwa kilometa 36 kwa saa. (a) Itaifikia kwa dakika ngapi? (b) Na upepo wa mbele ukiwa kilometa 24 kwa saa? Leteni majibu kwetu kabla ya siku ya tano. Sahihisho litatoka katika numero ijayo.

Mubaki na amani.

Sisi wa gazeti