Vigingi Vikipita Shambani Mwako

Ndugu msomaji, wewe ukaaye Kishapu, Kahama, Msalala, Mbogwe au Geita, huenda umekwisha kuwaona: vijana wenye kofia ngumu, chombo cha miguu mitatu, na mzigo wa vigingi vyenye vichwa vyekundu. Wapima, waandika, kisha wenda zao. Jioni mtoto arudi na ng'ombe na kusema, "Baba, wamechomeka kigingi katikati ya pamba yetu." Tangu hapo nyumbani hapalaliki. Mmoja asema barabara yaja, mwingine asema imeonekana dhahabu, wa tatu asema ni watu wa umeme. Siku hizi mara nyingi yule wa tatu ndiye asemaye kweli.

Kwanza tuutendee haki umeme wenyewe. Njia kubwa ya kilovolti 400 itokayo Iringa, ikapita Dodoma na Singida hadi Shinyanga, urefu wake kilometa 670, ilikamilika mwaka 2016. Kutoka Bulyanhulu ukavutwa umeme wa kilovolti 220 hadi Geita, kilometa 55 hivi, na kutoka Geita hadi Nyakanazi, kilometa 144. Huko Nyakanazi umekutana na njia itokayo maporomoko ya Rusumo, penye mtambo wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zagawana. Katika kijiji cha Ngunga, wilaya ya Kishapu, umeanzishwa mradi wa umeme wa jua unaokusudiwa kufikia megawati 150. Mkataba wa sehemu ya kwanza, megawati 50, ulitiwa sahihi mwaka 2023. Na lile bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji, lenye mitambo 9 na megawati 2,115, limekwisha kukamilika, na umeme wake hauwezi kufika kwetu ila kwa nyaya. Basi vigingi bado vitakuja.

Hapana mtu wa akili asemaye umeme haufai. Zahanati zautaka, mashine za kusaga zautaka, na wachimbaji wadogo wa Geita waendeshao makarasha yao kwa dizeli wajua vizuri kuliko mimi dizeli inavyokula faida. Watu hawabishani kama umeme uje. Wauliza utapita juu ya nani, na huyo atapata nini, na lini.

Jambo la kwanza liwaudhilo ni kwamba nyaya zapita juu yao, na chini yake wao wala ugali kwa kibatari. Waona ni dharau. Lakini ndivyo umeme ulivyo. Kilovolti 400 maana yake volti 400,000. Taa yako yataka 230. Lazima kwanza ushushwe katika kituo cha kupoza umeme, uingie katika nyaya za volti 33,000, halafu transfoma ya kijijini iushushe tena. Kituo cha namna hiyo ni gharama kubwa mno, hakiwezi kujengwa kila kijiji. Ni kama lile bomba kuu la maji ya Ziwa litokalo Ihelele: hulitoboi kwa msumari ukinge ndoo. Kwa hiyo umeme wa kijiji ni mradi mwingine, una nguzo zake na mafundi wake, na yafaa uombwe kwa njia yake. Hilo nitalirudia chini.

Sasa tuje kwenye ardhi. Ile sehemu iachwayo wazi chini ya nyaya huitwa mkuza. Kwa njia ya kilovolti 400 upana wake ni kama meta 50. Fanya hesabu: kila kilometa moja yala hekta 5, yaani ekari 12 na kitu. Mwenye shamba mraba la ekari 3, akipitiwa katikati, karibu nusu yake yaingia mkuzani. Humo nyumba haikai, wala mwembe, wala mti wowote urefukao. Mazao mafupi kama choroko, karanga au pamba mara nyingi huruhusiwa, lakini miradi haifanani. Uliza mbele ya watu, na jibu liandikwe.

Atakayekuja baada ya wapimaji ni mthamini. Siku hiyo ndiyo kubwa, kuliko siku ya kulipwa, kwa sababu lisiloandikwa siku hiyo halitalipwa. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zataka uhesabiwe thamani ya ardhi kwa bei ya soko, pamoja na vyote ulivyoendeleza juu yake: nyumba, kisima, zizi, miti, mazao. Tena kuna posho ya usumbufu. Aliyepoteza nyumba ahesabiwa kodi ya nyumba ya miezi 36, na gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo kwa umbali usiozidi kilometa 20. Mwenye duka au mashine ahesabiwa faida atakayoikosa. Watu wengi wasema, "Tulihesabiwa miti tu," kumbe hawakuwapo shambani mthamini alipopita. Walikuwa mnadani, au walimwachia kijana. Kaa shambani siku hiyo, wewe na mkeo. Hesabuni miti pamoja na mthamini kwa sauti. Usitie sahihi karatasi yenye nafasi tupu, hata kama mwenyekiti wa kitongoji, ambaye ni shemeji yako, akwambia haina neno. Ukiwa na simu, ipige picha fomu kabla haijaondoka.

Wengi hutazama bei peke yake wakasahau wakati, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye madhara makubwa zaidi. Mthamini akishapita na nyumba kutiwa alama ya X, mwenye nyumba huambiwa asijenge tena wala asipande mazao ya kudumu, kwa kuwa kitakachoongezwa hakitalipwa. Vema, kama malipo yaja baada ya miezi michache. Lakini yakikawia? Bati lililotoboka lavuja, na huthubutu kulibadili. Kijana ataka kuoa, huna pa kumjengea. Ukipewa fedha baada ya miaka, bei ya ekari kwa jirani imekwisha kupanda, na kwa fedha ile wapata nusu ya ulichokuwa nacho.

Hayo si ya kubuni. Litazame bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Si nyaya, lakini nalo ni mradi wa nishati, nalo lina mkuza wake. Urefu wake ni kilometa 1,443, na lapita mikoa minane ya Tanzania, Geita na Shinyanga ikiwamo. Sehemu kubwa ya mashamba yaliyo njiani ilithaminiwa mwaka 2018, na familia nyingi zikangoja mpaka mwaka 2022 na hata baada yake. Jambo hilo limesemwa sana, bungeni, magazetini na mbele ya wakopeshaji wa ng'ambo, na nyongeza ikawekwa kwa ajili ya kukawia. Lakini mkulima aliyekaa misimu mitatu au minne bila kujua kama apande migomba au aache, misimu ile hairudishiwi.

Na sheria ipo. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 yasema kwamba Mthamini Mkuu wa Serikali akishaidhinisha taarifa, fidia ilipwe ndani ya miezi 6. Ikipita hapo, riba iongezwe. Miaka 2 ikipita bila malipo, uthamini ule umekufa, yapasa ufanywe upya kwa bei mpya. Andika tarehe, msomaji wangu. Iandike nyuma ya daftari la mtoto kama huna pengine. Mwanakijiji aendaye wilayani na kusema "mmechelewa sana" hupewa kiti na pole; aendaye na tarehe huulizwa maswali, na majibu huanza kutafutwa.

Kisha majina. Mimi kazi yangu ni kutunza vitabu vya parokia, na kila mradi upitapo nawaona watu waja ofisini kutafuta vyeti vya ubatizo. Kwa nini? Kwa sababu kitambulisho chasema Masanja, fomu ya mthamini yasema Shija, na benki yamjua kwa jina la babu yake. Sisi huku mtu ana jina la kuzaliwa, la ubatizo, la ngoma na la utani, na yote ni yake. Lakini benki haijui utani. Litengenezwe jambo hilo kabla mthamini hajafika, maana kusahihisha jina baadaye kwachukua miezi, na nauli ya kwenda mjini hairudishwi na mtu.

Zaidi ya jina lenyewe ni jina la nani. Shamba lalimwa na bibi na bwana, lakini fomu huwa na jina la bwana peke yake, na fedha zaingia katika akaunti yake. Waume wengi ni watu wema, na nyumba mpya yajengwa. Wengine, mbona twajua, hununua pikipiki na kuoa tena. Mke akiandikwa tangu mwanzo kuwa mmiliki pamoja na mumewe, habari hiyo hubadilika.

Na mjane je? Mkoa wetu wa Shinyanga umetajwa mpaka Umoja wa Mataifa kwa jambo hili. Wajane wawili walifukuzwa na wakwe zao katika nyumba walizojenga na waume zao. Wakaenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ikakubali kwamba mila zile zawabagua, lakini ikakataa kuzifuta. Wakakata rufani, na mwaka 2010 rufani ikatupwa kwa dosari iliyokuwa katika hati ya hukumu. Mwishowe, mwaka 2015, Kamati ya Umoja wa Mataifa inayoangalia haki za wanawake ikasema kwamba haki zao zimevunjwa. Sasa fikiri mjane kama huyo akae katika mkuza, na shemeji zake wasikie kwamba ekari za marehemu ndugu yao zinakwenda kugeuka fedha taslimu. Watakuja hata wale ambao hawakuonekana mazikoni. Wazee wa ukoo na wa jumuiya ndogo ndogo, mwenye nguvu ya kusema hapo ni ninyi, siku ile ile mthamini aulizapo, "Hapa ni kwa nani?"

Kuna mali nyingine isiyo na jina la mtu mmoja, nayo ni ngitili. Wazee wakumbuka Shinyanga ilipoitwa jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mpango wa HASHI, na watu wakarudia desturi ya kufungia malisho na miti. Kwa miaka kama 15 hivi ngitili zikafika zaidi ya hekta 300,000, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapewa tuzo ya kimataifa. Njia ya umeme ikipita katika ngitili, miti ya miaka 30 yakatwa kwa siku moja. Nani alipwa? Ikiwa ni ya kijiji, fedha zaingia katika mfuko wa kijiji, na yapasa mkutano mkuu wa kijiji uambiwe ni kiasi gani na zitafanya nini. Lakini dawa, kuni, asali, na majani ya ng'ombe mwezi wa kumi wakati mbuga yote imekauka, hayo sijaona fomu yenye safu yake. Yasemwe mapema, wapimaji wakiwa bado waweza kusogeza mstari. Kuusogeza mstari kwenye ramani ni kazi ya penseli. Minara ikishasimama haisogei.

Makaburi nayo yaonyeshwe, hata yasiyo na msalaba wala saruji. Sheria ya kuyahamisha ipo tangu mwaka 1969, na kazi hiyo hufanywa kwa gharama ya mradi. Katekista na apewe habari.

Juu ya maradhi yasemwayo kutoka kwenye nyaya, Shirika la Afya Duniani limechunguza miaka mingi wala halijathibitisha kwamba kukaa nje ya mkuza kunamdhuru mtu. Hatari ya hakika ni kupanda minara, kuiba vyuma vyake, kuinua bomba refu la chuma chini ya nyaya, au kugusa waya ulioanguka. Uzio wa seng'enge uliolala sambamba na njia kubwa waweza kupata umeme. Mwambie fundi aufunge na ardhi.

Narudi kwenye umeme wa nyumbani. Serikali hutaja vijiji 12,318 vya Tanzania Bara na kusema vimefikiwa, lakini kijiji kufikiwa si kitongoji kufikiwa. Pengine nguzo zimeishia shuleni. Ada ya kuunganishwa huko vijijini imekuwa shilingi 27,000 kwa nyumba iliyo karibu na nguzo. Basi katika mkutano wa kijiji, wakuu wa mradi wakiwa wamekaa mezani na mkuu wa wilaya yupo, ndipo pa kuuliza nguzo za kitongoji chenu zimo katika mpango wa mwaka gani, na jibu liingie katika muhtasari. Mtendaji ausome muhtasari huo kabla watu hawajatawanyika.

Orodha ya watakaolipwa mara nyingi hubandikwa ofisini kwa mtendaji kwa siku chache kabla ya malipo. Nendeni mkaisome wenyewe. Asiyejua kusoma aende na mtoto wa darasa la tano.