Mzigo umekwama? Omba radhi, usimsingizie dereva

Februari 2018, mamia ya migahawa ya KFC nchini Uingereza ilifungwa kwa kukosa kuku. Kampuni ilikuwa imebadilisha msafirishaji, na mzigo haukufika kwa wakati.

Ingeweza kumsukumia msafirishaji lawama. Badala yake ililipia ukurasa mzima katika magazeti ya The Sun na Metro. Picha ilikuwa ndoo yake ya kuku, tupu, herufi za jina lake zikiwa zimepangwa upya zikafanana na tusi la Kiingereza. Chini yake ilikiri kwamba mgahawa wa kuku umekosa kuku, ikawaomba radhi wateja, hasa waliotoka mbali wakakuta mlango umefungwa.

Mzigo ukikwama Namanga au Busia, mteja hamjui dereva wala wakala wa forodha. Anamjua aliyepokea pesa yake. "Samahani kwa usumbufu uliojitokeza" haimwambii kitu. Anayeomba radhi kwa dhati hutaja kosa, humtaja aliyeumia, na husema siku mzigo utakapofika au pesa itakaporudishwa. Siku hiyo ikipita kimya, kosa limekuwa la pili.