Padre Akija Wodini, Mgonjwa Asiogope



Sisi tunaowauguza wagonjwa wa Nyamiaga na vijiji vya jirani hapa Ngara tunaona jambo moja mara nyingi, nalo linatusikitisha. Padre anaingia wodini na kichupa chake cha mafuta, na mgonjwa anageukia ukutani. Wengine hulia. Wengine huwauliza watoto wao, kwa Kihangaza ili sisi tusisikie (nasi tunasikia), kama daktari amewaficha kitu. Ndugu nao hutuomba padre aitwe “baadaye kidogo”, na hiyo baadaye ikifika mgonjwa hamtambui tena mtu.

Hofu hii ina historia yake. Wazee wetu walifundishwa katekisimu wakati sakramenti hii ikiitwa Mpako wa Mwisho, na kweli watu walizoea kuiona ikitolewa kwa mtu aliye kufani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulieleza kuwa jina linalofaa zaidi ni Mpako wa Wagonjwa, na kwamba wakati wake umekwisha kufika pale mwamini anapoanza kuwa hatarini kwa sababu ya ugonjwa au uzee. Mwaka 1972 Papa Paulo VI aliidhinisha utaratibu mpya. Imepita zaidi ya nusu karne, lakini jina la zamani bado linatembea vijijini.

Basi nani apakwe? Mwenye ugonjwa mzito. Anayekwenda kupasuliwa kwa sababu ya ugonjwa mzito. Mzee ambaye nguvu zimemwishia, hata kama hakuna ugonjwa mkubwa ulioonekana. Mtoto mgonjwa pia, kama ana akili ya kutosha kutiwa nguvu na sakramenti hii. Aliyepona akaugua tena hupakwa tena, na hata katika ugonjwa uleule, hali ikizidi kuwa mbaya, inaruhusiwa. Sakramenti ya wanaoiaga dunia hasa ni Ekaristi, Komunyo ile inayoitwa masurufu ya njiani.

Tofauti ya kuita mapema na kuita usiku wa mwisho tunaiona sisi tulio kando ya kitanda. Aliyepakwa akiwa na fahamu huungama mwenyewe, huitikia mwenyewe, hushikwa mkono na mkewe wakati wa Baba Yetu. Usiku ule hulala. Mtu mwenye hofu moyo humwenda mbio, chakula hakipiti, na maumivu huyasikia mara mbili. Kuhusu asiyejitambua, hatusemi kwamba neema ya Mungu imezuiwa, na padre aitwe hata hapo. Lakini faraja ya kusikia jina lake likitajwa katika sala yenyewe imempita.

Tuseme wazi pia juu ya dawa, maana hapa watu wanapoteza maisha. Wapo wanaoombewa, wanajisikia wepesi, kisha wanaacha vidonge vya presha, sindano za kisukari, ARV, au dawa za kifua kikuu zinazotakiwa kumezwa miezi sita au zaidi. Wanarudi kwetu wamebebwa. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinamwelekeza mgonjwa asali, kisha ampe tabibu nafasi yake, kwa kuwa naye ametoka kwa Mungu. Hali kadhalika maumivu. Papa Pius XII aliwaeleza madaktari mwaka 1957 kwamba mwamini halazimiki kukataa dawa ya kutuliza maumivu. Mama mwenye saratani akiandikiwa mofini ya maji, anywe kwa saa zilizopangwa, asingoje maumivu yarudi. Wengi wakishatulia ndipo Rozari inapowezekana, maana mtu anayejikunja kwa maumivu hafiki hata fumbo la pili. Wala asikose kidonge chake cha asubuhi kwa ajili ya Komunyo: maji na dawa havivunji mfungo, na wazee, wagonjwa pamoja na wanaowauguza wanaruhusiwa kukomunika hata kama wamekula muda mfupi kabla.

Ndugu wa Jumuiya Ndogo Ndogo, ujio wenu ni dawa, ila kuna namna ya kuja. Watu watatu wanatosha. Muulizeni mgonjwa anataka sala gani. Zaburi moja fupi na kimya kidogo humfaa kuliko saa nzima ya nyimbo. Msimwambie kwamba anaugua kwa sababu ya dhambi. Marafiki wa Ayubu walisema hivyo, na Mungu mwenyewe akawakemea. Na mgonjwa akimlalamikia Mungu, msimnyamazishe. Zaburi nyingi ni vilio vitupu, na Bwana wetu naye alilia kwa sauti kuu msalabani.

Yapo magonjwa ambayo hata kumkaribia mgonjwa kunakatazwa. Januari 2025 jirani zetu wa Biharamulo walipatwa na Marburg. Hadi mlipuko ulipotangazwa kumalizika, tarehe 13 Machi, watu 10 walikuwa wamehesabiwa kufa, wawili wakiwa wamethibitishwa na maabara na wanane wakidhaniwa. Virusi vyake hupita katika damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili, hata ya maiti, hivyo desturi yetu ya kuwaosha wafu kwa mikono yetu inaweza kuimaliza familia. Wakati kama huo padre ashauriane kwanza na waganga, nanyi salini kila mmoja nyumbani kwake kwa saa moja mliyopatana. Kama mgonjwa ana simu, apigiwe ajue kwamba saa hiyo anaombewa. Kujua hivyo kunamsaidia sana mtu aliyefungiwa peke yake.

Mkitaka padre aje, tuambieni sisi wauguzi mapema, tutapanga saa ambayo mgonjwa hayuko katika kufungwa vidonda. Nyumbani, meza ndogo yenye kitambaa safi, msalaba na mshumaa vinatosha. Wodini mshumaa usiwashwe kamwe karibu na mtungi wa oksijeni. Mweleze padre pia kama mgonjwa anaweza kumeza: kwa mwenye vidonda vya koo, kipande kidogo kabisa cha Hostia na kijiko cha maji vinatosha.