Mguso wa Pili

Neno letu la leo liko katika Injili ya Marko, sura ya 8, mstari wa 22 hadi 26. Bwana alimtoa kipofu mmoja nje ya kijiji cha Bethsaida, akamwekea mikono, kisha akamwuliza kama anaona. Yule mtu hakujibu kwamba amepona kabisa. Alikiri kwamba watu anawaona, lakini hawezi kuwatofautisha na miti. Ndipo Bwana akamgusa mara ya pili, naye akaona vizuri.

Neno hili nimefundishwa na mtoto mdogo wa kanisa langu, huku milimani Nyamira.

Alipokuwa na miezi minne, mama yake aliona kichwa chake kinakua kupita mwili. Utosi ulivimba, na macho yakaelekea chini kama jua linapotua. Majirani wakanong'ona kwamba ni laana ya ukoo. Haikuwa laana. Ndani ya kichwa cha kila mtu Mungu ameweka maji safi yanayouzunguka ubongo. Mtu mzima hutengeneza kama nusu lita kwa siku, na maji hayo hurudi katika damu. Njia yake ikizibwa, maji hujaa na kuusukuma ubongo. Katika Afrika Mashariki, mara nyingi njia huzibwa kwa sababu ya ambukizo ambalo mtoto alilipata angali mchanga. Mama asilaumiwe.

Sisi Abagusii tusishangae sana kusikia habari ya kufungua kichwa. Zamani tulikuwa na ababari, mafundi waliokwangua fuvu la mtu aliyeumwa na kichwa muda mrefu baada ya kupigwa, nao walijihadhari wasiuguse ubongo. Leo kazi hiyo ni ya hospitali. Kwa mtoto mwenye maji kichwani, madaktari hupitisha mpira mwembamba chini ya ngozi, kutoka kichwani hadi tumboni, maji yapate pa kutokea. Wengine hufunguliwa njia mpya ndani kwa ndani bila mpira, kazi ambayo Daktari Benjamin Warf aliiendeleza huko Mbale, Uganda, katika miaka ya 2000.

Baba wa mtoto wetu alitoa bonasi yote ya majani chai, akauza na ng'ombe. Wakasafiri kupitia Keroka, Sotik na Narok, na mtoto akawekewa mpira. Jumapili waliporudi niliwaita mbele ya kanisa, nikatangaza kwamba mtoto amepona kabisa. Watu wakapiga makofi na kuimba.

Wiki tatu baadaye mtoto akaanza kutapika na kulala mno. Mama yake akanyamaza. Aliwaza hivi: Pasta ametangaza uponyaji, nikisema mtoto ni mgonjwa, nitamwaibisha Mungu. Zikapita siku mbili. Nyanya wa mtoto, magokoro kama tunavyosema huku, ndiye aliyebisha mlango wangu alfajiri.

"Mwanangu Pasta," aliniambia, "Mungu haaibishwi na ukweli. Mtoto anatapika. Tafuta gari."

Mpira ulikuwa umeziba. Mtoto akapasuliwa tena, naye yu hai. Daktari alituambia kwamba kama tungechelewa zaidi tungempoteza.

Ndugu msikilizaji, kosa lilikuwa langu, nami nililiungama mbele ya kanisa lile lile. Nilitaka mguso wa kwanza uwe ndio wa mwisho. Yule mtu wa Bethsaida alikuwa na imani kuliko mimi, kwa maana alimweleza Bwana ukweli, na Bwana hakumkemea. Angalieni pia Hezekia katika Wafalme wa Pili, sura ya 20. Mungu alikwisha kumwahidi uzima, na hata hivyo tini ziliwekwa juu ya jipu lake. Dawa haikupunguza ahadi.

Basi wazazi, mtoto mwenye mpira akitapika, akipata homa, akilala kupita kawaida, utosi ukivimba au macho yakielekea chini, msingoje Jumapili. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, nanyi mwombe mkiwa njiani. Mpira huweza kuziba au kuingiwa na vijidudu, hasa katika miezi ya kwanza, na kurudi hospitali si kukosa imani.

Na sisi kanisa, tusiwadai wenzetu ushuhuda kabla ya wakati wake. Tuwape nauli ya kliniki. Tuwachumie chai siku wakiwa wodini. Tuwaulize, "Mtoto ameamkaje?" na tuwe tayari kupokea jibu lolote.

Leo mtoto yule ana miaka mitatu. Anatembea kwa kushika ukuta, na maneno yake bado ni machache. Nyanya yake akiulizwa hali, hujibu, "Mungu angali kazini." Hiyo ndiyo imani ya watu walio kati ya mguso wa kwanza na wa pili.

Tuombe. Ee Bwana, uliye mvumilivu kwetu, utupe moyo wa kukuambia ukweli. Uwashike mkono wazazi wanaokesha na watoto wagonjwa, na mikono ya madaktari uiongoze. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.